Kalenga haikuangushwa na mizinga peke yake

Oktoba 30, 1894 jeshi la Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele liliingia Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kilomita chache kutoka mji wa Iringa wa leo. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama pambano la mizinga na mikuki. Si uongo, ila hakitoshi. Mizinga inaeleza jinsi ukuta ulivyobomoka. Haielezi kwa nini miaka miwili baadaye wakuu wa chini wa Uhehe walianza kujisalimisha, mmoja baada ya mwingine, kwa Tom von Prince, ofisa aliyejenga boma la Iringa.

Udhaifu ulianza kabla Mjerumani hajatia mguu Uhehe. Aliyeziunganisha himaya ndogondogo za eneo hilo kuwa dola moja ni Munyigumba, baba yake Mkwawa. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, warithi walishikana mashati. Mkwewe, Mwambambe, alitwaa madaraka na Mkwawa akakimbilia Ugogo, hadi aliporudi na kukikomboa kiti kwa damu. Dola hiyo basi ilikuwa changa mno, na iliendeshwa kwa ushindi: ng'ombe, mateka na pembe za ndovu viligawiwa waliopigana, nao wakabaki watiifu. Mtawala wa namna hiyo hawezi kukaa muda mrefu bila kushinda.

Ndiyo maana pambano la Lugalo linastahili kutazamwa upya. Agosti 17, 1891 mashujaa wa Kihehe walijificha vichakani huku msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, ukipita kwa mstari mrefu, punda na wapagazi katikati ya askari. Risasi ya ishara ikalia, mikuki ikatoka pande zote, na kwa muda mfupi tu Zelewski na wengi wa watu wake walikuwa wamelala chini. Bunduki zipatazo 300 na mizinga ziliangukia mikononi mwa Wahehe. Ni ushindi wa kujivunia, na kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imebeba jina lake kwa haki. Lakini Wahehe nao walipoteza vijana wengi kiasi kwamba, kwa masimulizi yaliyohifadhiwa, Mkwawa alikataza maombolezo. Berlin ingeweza kuleta maofisa wengine na kuajiri askari wapya. Mkwawa angewapata wapi wapiganaji wengine?

Tena alikuwa na majirani waliokuwa wakisubiri. Wasangu wa mtawala Merere walikuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka nyanda za Usangu, wakahamia Usafwa, upande wa Mbeya, na kujenga huko Utengule nyingine, kwa jina la makao yao ya zamani. Kwao Mjerumani hakuonekana kama mvamizi. Alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Wakaungana naye, na baada ya Mkwawa kushindwa wakarejeshewa Usangu. Kuwaita wasaliti ni rahisi, lakini ni kusahau kwamba adui waliyemfahamu kwa miaka mingi alikuwa Mkwawa.

Hapa ndipo hoja inaposimama: vita haikuuleta udhaifu wa Kalenga, iliufichua wote kwa mpigo. Malalamiko ambayo kwa amani yangemalizwa kwa ndoa, ng'ombe au muda, yalipata mshirika mwenye mizinga. Urusi ya Tsar mwaka 1917 ilipita njia hiyohiyo ya kufichuliwa na vita, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani mwenyewe, ambaye jeshi lake lilikuwa limemwinda Mkwawa. Novemba 1918 alikimbilia Uholanzi, miaka 20 tu baada ya Mkwawa kujipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898.

Hata hivyo kuna ushahidi unaopinga hoja hii, nao ni mzito. Desemba 1896 Prince alimtawaza Mpangile, mdogo wake Mkwawa, akitumaini watu watamfuata. Februari 1897 akamuua kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake. Wakati huo Mkwawa alikuwa mtoro asiye na ngome wala jeshi, na bado wanakijiji walimlisha na kumficha huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa kichwa chake. Kwa hiyo vita iliuvunja utawala, haikuivunja heshima ya ukoo. Waingereza walilielewa hilo, na mwaka 1926 wakamrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kwenye uchifu.

Lakini uchifu uliorudi ulikuwa wa kulipwa mshahara na serikali, sawa na ule wa kina Merere walioungana na mshindi. Aliyepigana na aliyeshirikiana walifika mahali pamoja, na mwaka 1963 sheria ikaufuta uchifu nchi nzima bila risasi kulia. Sheria hiyo ilipita katika Bunge ambalo Spika wake alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa wa Kalenga.