Sheria na Saikolojia: Masomo Mawili, Haki Moja

Vijana wapendwa, kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, swali moja huingia katika nyumba zetu: mtoto huyu atasoma nini? Siku hizi wapo miongoni mwenu wanaotamani kusoma sheria na saikolojia kwa pamoja, hadi kupata shahada zote mbili. Wazazi wengi hushangaa. Huona kwamba kijana ameshindwa kuchagua, au anatafuta vyeti vya kujionyesha, ilhali wadogo zake nao wanangoja minervali. Swali lao ni la haki na linastahili jibu. Jibu langu ni kwamba masomo haya mawili yanahitajiana, na sheria ya nchi yetu yenyewe imekwisha kulikiri jambo hilo.

Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha utaratibu wa kesi za jinai, inamwagiza mwendesha mashtaka au hakimu mwenye kesi ya ukatili wa kijinsia amwite daktari na mwanasaikolojia. Kazi yao ni kutazama hali ya aliyetendewa, kuonyesha matunzo yanayomfaa na kupima ukubwa wa madhara aliyoyapata. Mtunga sheria alitambua kwamba kuna jeraha ambalo kifungu cha sheria hakilioni. Lakini ripoti ya mwanasaikolojia ina faida gani ikiwa hakimu hajui kuisoma, na mwandishi wake hajui hakimu anatafuta nini ndani yake?

Tukumbuke habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimsingizia, na mkutano ukawaamini kwa sababu ya umri na cheo chao. Kijana Danieli aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walimwona. Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule, na uongo wao ukafichuka. Mpaka leo wanasheria hufuata njia hiyo: maneno yakipingana, ushahidi hudhoofika.

Njia hiyo ni njema, lakini ina mpaka wake. Mtu aliyepatwa na hofu kuu mara nyingi hukumbuka vipande vipande. Harufu au sauti yaweza kumkaa akilini wazi kabisa, huku saa na mpangilio wa matukio vikimpotea. Msichana aliyebakwa akisema jana kwamba ilikuwa kabla ya mvua, na leo kwamba ilikuwa baada yake, si lazima awe anadanganya kama wale wazee. Hakimu asiyejua hayo aweza kumrudisha nyumbani na aibu mara mbili.

Saikolojia haimlindi mlalamikaji peke yake, humlinda pia mtuhumiwa. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yaliyogongana, kisha wakawauliza mwendo wake. Walioulizwa kwa neno kali, kana kwamba magari yalipondana, walitaja mwendo mkubwa zaidi. Juma moja baadaye, wengi wao kuliko wenzao walisema waliona vioo vilivyovunjika, ingawa filamuni havikuwamo. Neno la mwuliza swali lilikuwa limeingia katika kumbukumbu ya shahidi. Fikirini basi mtoto aliyehojiwa na mama, jirani, katekista, polisi na wakili, kila mmoja akimpa maneno yake kinywani. Kwa njia hiyo, hata mtu asiye na hatia aweza kufungwa.

Ni kweli kwamba njia hii ni ndefu na ina gharama. Vyuo vyetu vimezoea kuyatenga masomo haya. Wakati wa Chuo Kikuu cha Taifa la Zaire, kati ya 1971 na 1981, sheria ilifundishwa Kinshasa na saikolojia Kisangani. Kwa hiyo siwaambii nyote mtafute shahada mbili. Mwenye uwezo na azitafute kwa moyo wote. Ambaye jamaa yake yaweza kulipia moja tu, achague moja, kisha ajifunze misingi ya nyingine vitabuni na kwa wenzake wa kitivo jirani. Kumnyima mdogo wako shule ili wewe uitwe msomi mara mbili si wito, ni majivuno.

Na atakayezipata zote mbili ajue kwamba katika kesi moja ataifanya kazi moja. Mwanasaikolojia husikiliza ili kuponya, na hutunza siri. Wakili humtetea aliyemwajiri. Hakimu hupima pande zote. Anayechanganya kazi hizo katika kesi moja huwasaliti wale waliomwamini.

Lakini msingoje chuo kikuu ndipo muanze. Mtoto wa jumuiya yenu akiwaambia ametendewa ukatili, msikilizeni bila kumkatiza, msimrudishie maswali mara kumi, wala msimwongezee maneno. Mfikisheni upesi kwa daktari na kwa wenye mamlaka. Jamaa zikitaka kuyamaliza kwa mbuzi na bia, kataeni. Sheria ile ya 2006 imekataza hata faini ya kuzima kesi za namna hii kabla hazijafika mahakamani. Danieli hakuwa na shahada hata moja. Alikuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya mkutano uliokwisha kuhukumu, na akili ya kuuliza swali lililofaa. Masomo yatawaongezea akili hiyo, lakini ujasiri mnaweza kuuanza sasa, katika parokia zenu.