Mshono wa Kiti cha Motokaa

Wasomaji wetu, mara hii twapenda kueleza kazi ndogo ambayo wengi huipeleka kwa fundi bila ya haja, nayo ni kuushona tena mshono uliofumuka wa kiti cha ngozi cha motokaa. Kijana mwenye mkono mtulivu aweza kuifanya nyumbani, na fedha ikabaki kwa mahitaji mengine.

Kwanza tupambanue. Mara nyingi kilichoharibika si ngozi bali ni uzi. Jua, jasho, na msuguano wa kila aingiaye na atokaye huudhoofisha uzi mpaka ukakatika. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zishikanazo, mmoja juu na mmoja chini. Mmoja ukikatika, mwenziwe hukosa pa kushika, na mwanya huzidi kupanuka kila siku. Kwa hiyo haifai kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini liko jambo la kutazamwa kabla sindano haijashikwa. Tangu mwaka 1994, kampuni ya Volvo ilipoanza kuuza motokaa zenye mifuko ya hewa ya ubavuni, motokaa nyingi zimewekwa mfuko wa namna hiyo ndani ya kiti. Motokaa ikigongwa ubavuni, mfuko hufura kabla mtu hajapepesa jicho, nao katika viti vingi hutokea kwa kuupasua mshono wa ubavu wa egemeo. Mshono huo umeshonwa makusudi ili upasuke. Atakayeushona kwa uzi mgumu aweza kuufungia mfuko ndani siku ile ile utakapohitajiwa. Basi ukiona ubavuni mwa kiti pameandikwa AIRBAG au SRS, mshono wa upande huo usiuguse. Umwachie fundi aijuaye kazi hiyo. Akiba ya shilingi chache hailingani na roho ya mtu.

Ikiwa mshono uliofumuka si huo, tayarisha sindano iliyopinda kama mwezi mwandamo, subana ya kukinga kidole, na uzi wa nailoni au poliesta wenye unene na rangi ya ule wa zamani. Uzi wa pamba usiutumie, kwa kuwa jua na jasho huuozesha upesi. Ukate uzi mara nne ya urefu wa mwanya, na usipungue sentimita 40.

Pangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, uiache ikauke. Ondoa vipande vya uzi uliokatika, lakini usivute ule ambao ungali umeshika. Kisha anza matundu matatu nyuma ya mwanya, penye mshono mzima, na fundo ulifiche upande wa ndani.

Sharti kubwa ni hili: pitisha sindano katika matundu ya zamani tu. Ngozi si kitambaa. Tundu likisha kutobolewa halizibiki, na matundu yakikaribiana ngozi huchanika kama karatasi ya stempu. Toa sindano katika tundu la upande mmoja, uingize katika tundu linalolielekea upande wa pili, upite chini ya ngozi hadi tundu linalofuata, utoke, uvuke tena. Uzi utaonekana kama vipago vya ngazi. Baada ya vipago vinne au vitano, vuta polepole kwa kufuata urefu wa mshono. Kingo mbili zitakutana na uzi utazama usionekane. Usikaze kupita kiasi, maana uzi mgumu huikata ngozi.

Ukifika mwisho, endelea matundu matatu mbele ya mwanya, rudi nyuma hatua mbili, funga fundo na kulisukumia ndani.

Iwapo ngozi yenyewe imechanika baina ya matundu, uzi peke yake hautatosha. Ingiza chini yake kipande cha kitambaa kigumu, ukigandishe kwa gundi ya ngozi inayonyumbulika, na kiti kisikaliwe mpaka gundi ikauke barabara. Ndipo ushone.

Twawashauri vijana wajaribu kwanza juu ya kipande cha ngozi kuukuu, kama cha mkoba uliotupwa. Vipago kumi vya majaribio huufundisha mkono kiasi cha kuvuta, na hapo kiti chaweza kuguswa bila ya hofu.