Kuanza Chuo Si Kumaliza

Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois nchini Marekani, kilifunguliwa chuo kilichoanza na wanafunzi 6 tu. Nia yake ilikuwa kuwapa vijana elimu ya juu pasipo kuyahama makwao. Leo vyuo vya jamii vya namna hiyo vyapata elfu moja kote nchini humo. Masomo yake ni ya miaka 2, na ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu. Humo hutoka wauguzi, mafundi na wazima moto, watu ambao bila wao mji hauwezi kulala salama.

Faida yake huonekana mezani. Kwa takwimu za Serikali ya Marekani za mwaka 2023, mshahara wa kati wa mfanyakazi mwenye stashahada ya miaka 2 ulikuwa dola 1,058 kwa wiki. Aliyeishia sekondari alipata dola 899. Aliyeingia chuoni akatoka mikono mitupu alipata dola 992.

Hapo ndipo penye donda, kwani wengi huanza wasimalize. Si kwamba wamepungukiwa na akili. Wengine wana watoto wa kulea, wengine hushinda kazini, na wengine hukwamishwa na nauli ya basi au bei ya kitabu.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi alitakiwa kusoma kwa muda wote. Naye alilipiwa ada iliyosalia, akapewa nauli na vitabu, na mshauri wa kuonana naye mara kwa mara. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa kura katika makundi 2. Baada ya miaka 3, waliosaidiwa walihitimu 40 katika kila 100, wasiosaidiwa, 22.

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini mwogaji naye huhitaji mtu wa kumshikia nguo. Mzazi aliyekwisha kulipa ada asidhani kuwa ametua mzigo. Nauli ya kesho, kitabu kinachokosekana, na swali la jioni, "Mwanangu, umefikia wapi?", huenda ndivyo vitakavyomfikisha kijana ng'ambo.