Cheti cha Rongo na Mlango wa Uzamili

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili kwamba anayechagua chuo kichanga kwa shahada ya kwanza amejifungia mlango wa uzamili. Dhana hii huwasumbua hasa vijana wa Migori na Homa Bay. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kile cha Tom Mboya, kilichokuwa chuo kishiriki cha Maseno, kikaipata mwaka 2022. Je, vyeti vyao vina uzito gani mbele ya kamati za vyuo vikongwe?

Tuanze na fani iliyo mbali na yetu. Kijana wa Homa Bay anayetaka udaktari wa meno hana shule ya fani hiyo nyumbani. Huenda Nairobi, ilikoanza kufundishwa mwaka 1974, au Eldoret. Aliyesomea Nairobi akiomba ubingwa huko huko, hurudi kwa walimu waliomwona akishika koleo kwa mara ya kwanza. Hapo chuo kina uzito, wala sibishi. Ila uzito huo hautoki katika jina la chuo. Unatokana na kwamba kazi yake inajulikana.

Kwetu sisi hali ni iyo hiyo. Aghalabu kamati hutazama daraja, kozi, pendekezo la utafiti na barua za wahadhiri wanaomfahamu mwombaji. Tatizo huanzia kwenye barua hizo. Katika vyuo vyetu vingi, vikongwe na vichanga, mzigo mkubwa wa kufundisha huwaangukia wahadhiri wa muda. Mhadhiri huja, hufundisha saa tatu, akaenda zake. Muhula ukiisha haonekani tena. (Mimi, na chuo sikitaji, nilimsaka mmoja miezi miwili kwa barua ya ukurasa mmoja.) Tena wengi wetu husomea ualimu, Kiswahili kikiwa nusu tu ya masomo yetu. Anayetaka kubobea katika tafsiri ilhali hakufundishwa tafsiri ana pengo, na jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa hiyo anayechagua chuo aulize kwanza: tawi nilipendalo linafundishwa na nani, naye ameajiriwa kwa kudumu?

Wanaovidharau vyuo hivi husahau mahali vilipo. Isebania, mpakani na Sirari ya Tanzania, Kiswahili cha pande mbili hukutana sokoni kila siku, na Wakuria wanaishi huku na huku. Katika visiwa vya Mfangano na Rusinga (alikozikwa Tom Mboya mwenyewe), Kisuba kinazidi kumezwa na Kijaluo. Mtafiti kutoka Nairobi hulipia safari na malazi ili ayasikie haya. Mwanafunzi wa Rongo hupanda matatu asubuhi, akarejea jioni na kanda zake. Tasnifu ya mwaka wa nne iliyoandikwa hivyo, ikisimamiwa vyema, haihitaji kuombewa radhi popote.

Kwa hiyo napendekeza kila mwombaji wa uzamili awasilishe kazi moja ya kitaaluma aliyoiandika, kisha aitetee ana kwa ana, kwa Kiswahili, kabla kamati haijafungua bahasha ya vyeti. Wahadhiri wasomao jarida hili ndio wanaokaa katika kamati hizo. Waanze na maombi ya mwaka ujao.