Ukuta Upimwe Kwanza, Dirisha Liagizwe Baadaye

Hivi karibuni tulizuru kambi moja ambako nyumba za askari zilikuwa zikibadilishiwa madirisha. Madirisha ya kale ya chuma, yaliyoliwa na kutu, yaling'olewa. Mapya ya alumini yakaletwa. Kumbe hayakulingana na uwazi wa ukuta! Mianya iliyobaki ilizibwa kwa kadibodi na vipande vya gunia. Katika nyumba mojawapo mtoto wa koplo alikuwa kitandani akiugua malaria. Hatusemi kwamba mwanya ule ndio uliomwuguza, ila hakuna awezaye kuapa kwamba sio.

Chanzo cha kasoro hii chafahamika. Kambi nyingi kongwe za Uganda zilijengwa kabla ya Uhuru wa 1962, kwa futi na inchi. Uwazi wa futi 4 ni milimita 1,219. Leo viwanda hutengeneza fremu ya milimita 1,200. Tofauti ni milimita 19, ilhali matundu ya wavu wa mbu hayafiki hata milimita 2. Mbu atapita apendavyo, na mvua itamfuata.

Pale fremu inapozidi uwazi, kosa huwa kubwa zaidi. Mafundi hushika nyundo na kuchonga ukuta. Yafaa ieleweke kwamba linta iliyo juu ya dirisha hubeba uzito wa ukuta, na ncha zake hukalia tofali za kando. Atakayezikata tofali hizo huiondolea linta tegemeo lake. Nyufa zitafuata, na juu ya vichwa vya nani? Vya familia zetu.

Dawa yake si ghali. Upana upimwe juu, katikati na chini. Kimo kipimwe kushoto, katikati na kulia. Kipimo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kifuatwe, na kipunguzwe milimita chache ili fremu ikae bila kubanwa. Pembe nazo zipimwe kwa mshazari, maana kuta za kale hupinda. Pengo kubwa lijengwe kwa tofali na saruji, lishikamane na ukuta wa zamani. Fremu iliyozidi irudishwe ilikotoka.

Kwa hiyo twashauri fremu yoyote isiagizwe kwa kukisia ofisini. Kila nyumba iwe na karatasi yake ya vipimo, iliyotiwa sahihi na aliyepima pamoja na mwenye kuishi humo. Askari afyatuaye risasi bila kukadiria umbali hulaumiwa kwa kupoteza risasi ya umma. Na anayeagiza dirisha bila kupima, je, asiulizwe?

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa wenyewe hauzibwi kwa gunia. Mlinzi wa taifa alalaye penye mwanya huamkia lindoni akiwa mgonjwa.