Je, Moto Humaliza Pombe Yote Chunguni?

Mtu apitaye jioni katika mitaa iliyo karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hupokewa na harufu ya mishikaki, vitumbua na mchuzi. Miongoni mwa wapishi wa mjini wapo walainishao nyama kwa bia, au waimiminao bia katika mchuzi wenyewe. Mteja akiuliza, jawabu huwa moja: "Pombe imekwisha kwa moto." Jawabu hilo si sahihi, na shule zetu hazina budi kulisahihisha.

Kosa hilo limetokana na ukweli uliosomwa nusu. Kila mwanafunzi wa kemia ajua kwamba alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi, na maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo hudhani kwamba mchuzi ukitokota, alkoholi yote imekwisha toka. Sivyo. Alkoholi iliyochanganyika na maji haijitengi peke yake. Mvuke hubeba vyote viwili, na kadiri alkoholi inavyopungua chunguni ndivyo mvuke unavyozidi kuwa wa maji. Ndiyo maana hata gongo, ambayo hupatikana kwa kukusanya mvuke wa namna hiyo, huwa bado na maji mengi.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipima vyakula 6 vilivyopikwa kwa vileo. Alkoholi iliyobaki ilikuwa kati ya asilimia 4 na 85, kulingana na njia ya upishi. Kwa makadirio ya kawaida, kutokosa kwa saa moja huacha robo. Kwa saa mbili na nusu, asilimia 5.

Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye alkoholi asilimia 5, ina mililita 25 za alkoholi. Ikipikwa saa moja katika mchuzi, husalia mililita 6 na robo. Tukigawa sahani 5, kila mlaji hupata mililita 1 na robo. Kiasi hicho hakimlevyi mtu mzima. Lakini si sifuri.

Huenda msomaji akauliza: je, kitumbua nacho? Hamira hugeuza sukari ya unga kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi na alkoholi kidogo. Na zamani wapishi wa pwani waliumua unga kwa tembo la mnazi. Ni kweli. Lakini chembe inayozaliwa ndani ya unga si sawa na chupa iliyomiminwa kwa makusudi. Hukumu ya dini tuwaachie wanavyuoni. Kazi ya sayansi ni kuwapa kipimo cha kweli.

Kariakoo Mwislamu na Mkristo hula katika banda moja. Yumo pia aliyeapa kuacha ulevi, na mtoto aliyetumwa kununua chakula cha nyumbani. Wote wana haki ya kujua walacho. Basi walimu wawape wanafunzi hesabu hii darasani, nao waipeleke nyumbani. Na mpishi aliyetia bia aseme ametia bia, kisha mteja aamue mwenyewe.