Sehemu Zifundishwe Jikoni

Bwana Mhariri amenipa nafasi kidogo, nami nataka kuitumia kwa jambo ambalo wengi watalicheka. Nasema kwamba wadogo zetu wa kidato cha kwanza wafundishwe kujumlisha na kutoa sehemu jikoni, mbele ya unga na vipimo, kabla ya kufundishwa ubaoni.

Jioni huwa nawasaidia katika kazi zao. Muhula huu nimeona katika madaftari mengi hesabu hii: 1/2 + 1/4 = 2/6. Mwenye daftari amejumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akaridhika. Lakini 2/6 ni theluthi, na theluthi ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo! Mpishi gani amepata kutia unga juu ya unga akaona umepungua? Wala mtoto huyu si mjinga. Ametumwa sokoni tangu utotoni, na ukimpunja robo kilo ya maharagwe atapiga kelele. Ila sokoni husema Kinyarwanda, na hesabu huzisoma kwa Kiingereza, naye hajaambiwa kwamba robo ya kule ndiyo robo ya huku.

Sisi tunaojifunza Kiswahili hapa Ndera tuna bahati, kwa kuwa watu wa pwani walikuwa na vipimo vya nafaka ambavyo ni somo zima. Kibaba ni kama ratili moja na nusu ya mchele. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Basi mwambie mtoto ajumlishe nusu pishi na robo pishi. Nusu ni kisaga, robo ni kibaba, na kisaga na kibaba havihesabiki pamoja mpaka kisaga kimemiminwa kuwa vibaba viwili. Sasa ana vibaba vitatu, yaani robo tatu ya pishi. Kile kibaba ndicho asili ya shirika, ambayo mwalimu huitafuta ubaoni kwa chaki nyingi.

Kutoa nako ni vivyo hivyo. Ghalani mna pishi mbili za mchele, na mpishi anataka robo tatu ya pishi. Pishi mbili ni vibaba vinane. Ondoa vitatu, vinabaki vitano, yaani pishi moja na robo. Hakuna aliyekariri kanuni.

Mtu atauliza, na theluthi je? Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Pishi haina theluthi kwa vibaba vizima, kwa maana vinne havigawanyiki kwa tatu. Basi tafuta kikopo ambacho vitatu vyake hujaza kibaba. Pishi sasa ni vikopo 12. Theluthi ya pishi ni vikopo vinne, robo yake ni vitatu, jumla vikopo saba, nayo ni 7/12. Mtoto aliyetafuta kikopo kile kwa mikono yake hatauliza tena 12 imetoka wapi.

Wala si jambo geni. Karatasi ya kale ya Misri iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza huko London, ina hesabu za kuwagawia watu kumi mikate. Kwa mikate tisa, kila mtu hupata 2/3 na 1/5 na 1/30 ya mkate. Msomaji na ajumlishe mwenyewe aone kama ni 9/10.

Wenzangu wa kidato cha sita wananipinga. Mmoja asema kipimo cha jikoni si sahihi, kwa kuwa huyu hujaza kichele na yule hujaza chungu. Neno hilo ni kweli, lakini watu wa pwani walilijua, na ndiyo maana walisema pishi ya mfuto, yaani iliyofutwa juu ikawa sawa na ukingo. Mwingine asema aljebra haiingii chunguni. Nakubali, haiingii. Lakini asiyeweza 1/2 na 1/4 hataifikia hiyo aljebra. Wa tatu asema jikoni ni mahali pa wanawake. Huyo simjibu, maana wapishi wetu wote ni wanaume naye hula sahani mbili.

Ninaloomba ni dogo: Jumamosi moja kwa wiki mbili, wanafunzi sita kwa zamu, saa moja, wakati mpishi anapopima chakula. Mimi na wenzangu wawili tutawasimamia, na unga wote utarudi guniani. Na ninyi wazee wetu mliosoma hapa, mlioko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mkiona kwa mtu pishi ya zamani na kibaba chake, tununulieni. Hadi sasa tunatumia makopo ya maziwa ya unga, na moja limeanza kutoboka.